Majina Matatu, Kombe Moja: Dinamo Zagreb katika Mashindano ya Ulaya, 1958–2025

Mtu hajichagulii jina. Hupewa na waliomtangulia, naye hulibeba hadi kaburini. Jina la klabu ya kandanda lina tabia nyingine. Huamuliwa na watu waliokutana wakakubaliana, na kwa sababu hiyo hiyo huweza kuondolewa na watu wengine wenye nguvu kuliko wao. Anayepitia orodha za mashindano ya klabu za Ulaya tangu mwaka 1958 ataikuta klabu moja ya mji wa Zagreb imeandikwa kwa majina matatu, Dinamo, HAŠK Građanski na Croatia, tena chini ya nchi mbili, kwanza Yugoslavia, kisha Kroatia. Rangi yake ya buluu haikubadilika, wala uwanja wake wa Maksimir. Historia ya michezo yake ya Ulaya haisomeki vema bila historia ya majina hayo. Na la ajabu ni kwamba ushindi na jina havikwenda sambamba kama walivyotaka waliolibadilisha.

Klabu ilianzishwa mwezi wa Juni 1945. Utawala mpya wa kikomunisti ulikuwa umevunja vyama vikubwa vya michezo vya Zagreb, navyo ni HAŠK cha mwaka 1903, Concordia cha mwaka 1906 na Građanski cha mwaka 1911, kwa kuwa viliendelea kucheza wakati wa vita chini ya dola lililoungwa mkono na Ujerumani ya Hitler. Jina Dinamo lilikuwa la kuazima. Lilitoka Moscow, ambako tangu mwaka 1923 lilitumiwa na chama cha michezo cha vyombo vya usalama, na baada ya vita likaenea katika nchi nyingi za Ulaya ya Mashariki. Lakini waliojaza jina hilo jipya walikuwa watu wa zamani: wachezaji na wapenzi wengi wa Građanski walihamia Dinamo, pamoja na rangi yao ya buluu. Neno lenyewe *građanski* latokana na *građanin*, yaani raia, mwenyeji wa mji. Hivyo tangu siku ya kwanza jina lilikuwa la dola, na wenyeji wakalikalia kama mtu anayekalia nyumba aliyojengewa na mwingine, hadi wakaizoea na kuiona yao.

Safari ya Ulaya ilianza kwa kujikwaa. Katika Kombe la Mabingwa la 1958–59 Dinamo ilitolewa katika duru ya awali na Dukla ya Praha, kwa sare ya 2–2 na kushindwa 2–1. Miaka miwili baadaye, katika Kombe la Washindi la 1960–61, ilifika nusu fainali. Fiorentina ya Italia iliifunga 3–0 nyumbani kwake, na ushindi wa Dinamo wa 2–1 huko Zagreb haukutosha.

Mashindano yaliyoifaa zaidi klabu hii yalikuwa yale yaliyoitwa Kombe la Miji ya Maonyesho. Yalianzishwa mwaka 1955 kwa ajili ya miji yenye maonyesho ya biashara ya kimataifa, na Zagreb ulikuwa mmojawapo. Katika msimu wa 1962–63 Dinamo iliitoa Bayern Munich katika robo fainali na Ferencváros ya Hungaria katika nusu fainali. Fainali ilikuwa dhidi ya Valencia, iliyokuwa ikilishikilia kombe hilo. Wahispania walishinda 2–1 Zagreb na 2–0 kwao.

Msimu wa 1966–67 wastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa hatua zake zaonyesha jinsi kombe linavyoweza kuning'inia kwenye uzi. Katika duru ya kwanza Dinamo na Spartak ya Brno zilishindana 2–0 kila moja nyumbani kwake, na kwa kuwa mikwaju ya penalti ilikuwa bado haijawekwa katika kanuni, sarafu ilirushwa juu. Sarafu ikaichagua Dinamo. Katika duru ya pili Dunfermline ya Uskoti iliifunga 4–2. Marudiano ya Zagreb yakaisha 2–0, na mabao mawili ya ugenini yakawa ndiyo tofauti pekee. Dinamo ya Piteşti, jina moja na nchi nyingine, ilitolewa kwa bao moja. Juventus ililazimishwa sare ya 2–2 huko Turin, kisha ikafungwa 3–0. Katika nusu fainali Eintracht Frankfurt ilishinda 3–0 kwake, na kwa watu wengi hesabu ilikuwa imefungwa. Huko Maksimir Dinamo ikarudisha mabao yote matatu, na katika muda wa nyongeza ikapata la nne. Tarehe 30 Agosti 1967 Leeds United ya kocha Don Revie ilifungwa 2–0 Zagreb kwa mabao ya Marijan Čerček na Krasnodar Rora. Wiki moja baadaye, huko Leeds, Dinamo ililinda lango lake hadi 0–0. Branko Zebec, kocha aliyeijenga timu hiyo, mwaka uliofuata alikwenda Bayern Munich, ambayo aliipa ubingwa wa Ujerumani mwaka 1969.

Hilo likawa kombe la kwanza kubwa la Ulaya kuchukuliwa na klabu ya Yugoslavia, nalo lilibaki la pekee hadi Crvena zvezda, yaani Nyota Nyekundu, ya Belgrade iliposhinda Kombe la Mabingwa mwaka 1991. Hata hivyo kombe hilo nalo lina shida ya jina. Mashindano ya Miji ya Maonyesho hayakuendeshwa na UEFA. Yalipokoma mwaka 1971, UEFA ilianzisha Kombe la UEFA mahali pake, na tangu hapo haiyahesabu ya zamani miongoni mwa mataji yake rasmi. Klabu hii imepata taji moja tu la Ulaya, na taji hilo halimo katika daftari la mwenye mashindano.

Msomaji wa Lubumbashi hatashangazwa na mkasa wa namna hiyo. Mwaka ule ule wa 1967 klabu ya mji wao ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika, ikalitwaa tena mwaka 1968, na katika orodha za Afrika imeandikwa TP Englebert, jina lililotokana na kampuni ya matairi. Ilipokuja siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, majina ya kigeni yakafagiliwa, nayo klabu ikawa TP Mazembe. Nchi yenyewe iliitwa Zaire mwaka 1971 na kurudia jina la Kongo mwaka 1997. Mazembe ikabaki Mazembe. Hakuna mwenye klabu hiyo anayeona kwamba ushindi wa 1967 ni wa watu wengine. Katika mji mmoja jina jipya lilishika mizizi. Katika mji mwingine, kama itakavyoonekana, lilikataliwa. Tofauti hiyo haielezwi na siasa peke yake, kwa maana siasa ilikuwapo pande zote mbili.

Baada ya 1967 miaka ilipita bila makuu. Ubingwa wa Yugoslavia, ambao Dinamo iliupata mara nne tu, 1948, 1954, 1958 na 1982, ulikuwa mgumu, na Ulaya ilikuwa ngumu zaidi. Timu ya 1982 ya kocha Miroslav Blažević yakumbukwa Zagreb kwa mapenzi makubwa, lakini katika Kombe la Mabingwa iliifunga Sporting ya Lisbon 1–0, ikafungwa 3–0 marudiano, ikatoka. Ni katika miaka hiyo ya themanini, mwaka 1986, ambapo vijana wa jukwaa la kaskazini walijipa jina la Kiingereza, Bad Blue Boys. Chini ya utawala uliokataza maneno mengi ya utaifa, uwanja wa mpira ukawa mahali ambapo mtu aliweza kuuonyesha Ukroatia wake bila kutamka neno lililokatazwa. Alipiga kelele "Dinamo", na kila jirani yake alifahamu. Jina la kuazima kutoka Moscow lilikuwa limepata maana iliyo kinyume kabisa na ile ya waliolileta. Wanaisimu wanajua mwendo huo: maana ya neno haikai mikononi mwa aliyelitunga, bali hukaa katika vinywa vya wanaolitumia.

Tarehe 13 Mei 1990, siku chache baada ya chama cha Franjo Tuđman kushinda uchaguzi wa vyama vingi, mchezo wa Dinamo na Crvena zvezda huko Maksimir ulivunjika kwa ghasia kati ya mashabiki na polisi, na nahodha kijana Zvonimir Boban akampiga teke askari mmoja. Kuna wanaosema kwamba vita vya Yugoslavia vilianzia hapo. Huko ni kuupa mpira zaidi ya haki yake. Vita vilikuwa na wenyewe, wenye bunduki na mipango. Lakini ni kweli kwamba wengi wa vijana wa jukwaa lile walikwenda vitani, wengine hawakurudi, na kumbukumbu yao imesimamishwa kando ya uwanja.

Mwaka 1991, Kroatia ilipojitangazia uhuru, klabu ilibadilishwa jina kwa mara ya kwanza, ikawa HAŠK Građanski. Jina hili lilikuwa na hoja ya kihistoria: lilirudisha pamoja vyama viwili vilivyovunjwa mwaka 1945. Hata hivyo lilikuwa refu, halikuimbika. Katika Kombe la UEFA la 1991–92 klabu ilipangiwa Trabzonspor ya Uturuki, na kwa sababu ya vita ikalazimika kucheza mchezo wake wa "nyumbani" nchini Austria. Ikatolewa mara moja. Ndivyo jina hilo lilivyoingia katika daftari la Ulaya na kutoka humo bila kuwahi kuchezewa Maksimir katika mashindano hayo. Katika msimu wa 1992–93 klabu za Kroatia hazikushiriki kabisa.

Mwezi wa Februari 1993 lilikuja jina la tatu, Croatia. Rais Tuđman, aliyekuwa mpenzi wa mpira na mtu wa kuingilia mambo mengi, alilitetea mwenyewe, kwa hoja kwamba Dinamo ni mabaki ya ukomunisti na kwamba jina la taifa litaitangaza nchi changa mbele ya Ulaya. Yafaa kuliangalia neno lenyewe. Wakroatia huiita nchi yao *Hrvatska*; *Croatia* ni umbo la Kilatini, lile linalosomwa na wageni. Klabu ilipewa jina la taifa katika sura ya kigeni, jina lililoelekezwa kwa msikilizaji wa mbali na si kwa mwenyeji anayekaa jukwaani. Mashabiki walilikataa. Waliendelea kuimba Dinamo ndani ya uwanja ambao mabango yake yalisema Croatia, na waliofanya hivyo walikuwamo waliorudi kutoka vitani. Kuwaambia watu hao kwamba neno lao ni la kikomunisti kulikuwa kuwafundisha uzalendo wao wenyewe. Huko Split, Hajduk, yenye umri sawa na Građanski, ilivuka falme na jamhuri zote kwa jina lake la mwaka 1911, na mwaka 1995 ilicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Hapa ndipo historia inapokataa kuwa rahisi. Miaka mizuri ya klabu katika Ulaya baada ya 1967 ilikuja chini ya jina lililochukiwa. Julai 1997 ilipangwa na Partizan ya Belgrade katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Vita vya Kroatia vilikuwa vimekwisha chini ya miaka miwili nyuma. Croatia ilifungwa 1–0 Belgrade, kisha ikashinda 5–0 Zagreb. Newcastle United ndiyo iliyoizuia duru iliyofuata, kwa bao la mwishoni mwa muda wa nyongeza. Mwaka 1998 iliitoa Celtic, ikaingia hatua ya makundi pamoja na Olympiacos, Porto na Ajax. Ikaifunga Porto 3–1, ikaifunga Ajax 1–0 huko Amsterdam, ikamaliza ya pili kwa pointi 8, mbele ya Porto na Ajax zenye 7 kila moja. Wakati huo si kila mshindi wa pili aliyesonga mbele, na Croatia ikabaki nje. Kiongozi wa uwanjani alikuwa Robert Prosinečki, ambaye Dinamo ilimwachia aondoke mwaka 1987, akaenda kutwaa Kombe la Mabingwa akiwa na Crvena zvezda. Septemba 1999 timu hiyo, chini ya kocha Osvaldo Ardiles wa Argentina, ilitoka 0–0 na Manchester United, mabingwa wa Ulaya, katika uwanja wa Old Trafford. Fedha za serikali na za makampuni yaliyo karibu nayo zilisaidia. Jina la taifa halikuwa la bure.

Tuđman alifariki tarehe 10 Desemba 1999. Januari chama chake kikashindwa katika uchaguzi, na Februari 2000 klabu ikawa Dinamo tena. Furaha ilikuwa kubwa, lakini mchezo mkubwa wa kwanza wa jina lililorudi ulikuwa dhidi ya AC Milan, Agosti 2000: 3–1 Italia, 3–0 Zagreb, zote za Milan. Mashabiki walirudishiwa jina lao wakati mpira wa Ulaya ulipokuwa ukizidi kuwa wa matajiri. Kwa miaka kumi na miwili klabu haikuiona hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Ilipoiona, iliona pia aibu: katika 2011–12 michezo sita, vipigo sita, mabao 22 ya kufungwa, saba kati yake katika mchezo mmoja na Lyon, katika 2012–13 pointi moja na bao moja, katika 2016–17 hakuna pointi wala bao, na 15 za kufungwa. Katikati yake ulikuwapo ushindi wa 2–1 dhidi ya Arsenal, Septemba 2015. Klabu ilikuwa imekuwa shamba la kuoteshea vijana na kuwauza. Luka Modrić aliondoka mwaka 2008 kwenda Tottenham, na wengine wengi wakafuata njia hiyo.

Biashara hiyo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2018 mahakama ya Osijek ilimhukumu Zdravko Mamić, aliyeitawala klabu kwa miaka mingi, kifungo cha miaka sita na nusu kwa makosa yanayohusu fedha za uuzaji wa wachezaji. Naye alikuwa amekwenda Bosnia na Herzegovina. Mashabiki walikuwa wamepigana naye kwa miaka, kwa kususia michezo, na viti vya Maksimir vikawa vitupu. Waliolirudisha jina walijikuta hawana klabu.

Katika hali hiyo ndipo ulipotokea usiku wa tarehe 18 Machi 2021. Dinamo ilikuwa imefungwa 2–0 na Tottenham ya José Mourinho huko London, katika duru ya timu 16 za Ligi ya Europa. Siku tatu kabla ya marudiano, Mahakama Kuu ya Kroatia ilithibitisha hukumu, ambayo ilimhusu pia kocha Zoran Mamić, ndugu wa Zdravko. Akajiuzulu, na msaidizi wake Damir Krznar akashika timu. Mislav Oršić alifunga katika dakika ya 62, akafunga katika dakika ya 82, na katika muda wa nyongeza akafunga la tatu. Dinamo ikapita. Mabao hayo yalifungwa mbele ya majukwaa yasiyo na mtu, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, katika uwanja ambao tetemeko la Machi 2020 lilikuwa limeharibu upande wake wa mashariki. Villarreal ndiyo iliyoitoa katika robo fainali, na ndiyo iliyolichukua kombe. Oršić huyo huyo ndiye aliyeifunga Chelsea bao pekee tarehe 6 Septemba 2022. Kesho yake Chelsea ikamfukuza kocha Thomas Tuchel.

Mashabiki nao hawapaswi kupambwa kupita kiasi. Agosti 2023 kundi kubwa la Bad Blue Boys lilisafiri hadi Athens, ingawa UEFA ilikuwa imekataza mashabiki wa ugenini, na katika mapambano ya usiku karibu na uwanja wa AEK shabiki mmoja Mgiriki wa miaka 29 aliuawa. Watu zaidi ya mia moja walikamatwa. Jina lililolindwa kwa wimbo lilitamkwa pia mahali pa damu, na historia ya klabu haina budi kuyaandika yote mawili.

Katika msimu wa 2024–25 Ligi ya Mabingwa ilichezwa kwa mtindo mpya, timu 36 katika jedwali moja. Dinamo ilianza tarehe 17 Septemba 2024 huko Munich kwa kufungwa na Bayern 9–2. Idadi hiyo ya mabao ina mwangwi wake nchini Kongo, tangu tarehe 18 Juni 1974, Yugoslavia ilipoifunga Zaire 9–0 huko Gelsenkirchen katika Kombe la Dunia, ikiwa na wachezaji kadhaa wa Hajduk Split. Na kocha wa Zaire siku ile, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia. Zaire haikujirekebisha. Dinamo ilijirekebisha. Iliishinda Salzburg na Slovan Bratislava ugenini, ikatoka sare na Monaco na Celtic, na usiku wa mwisho, tarehe 29 Januari 2025, chini ya kocha Fabio Cannavaro, iliifunga AC Milan 2–1 Zagreb. Ilimaliza na pointi 11, sawa na Club Brugge ya Ubelgiji. Timu 24 ziliendelea. Tofauti ya mabao iliiweka Brugge ya 24 na Dinamo ya 25, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa bado ipo Munich.